Soli ya Kushoto

Tarehe 6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mikono imeamkaje? Naanza na mikono kwa sababu Mama alinidokeza kwenye simu kwamba siku hizi unailoweka kwenye maji ya moto kabla ya kushika nyundo, na wewe ukampokonya simu ukasema ni uzushi. Kisha ukaguna mara mbili na kukata. Ndiyo maana naandika, maana kwenye simu wewe huongei. Mimi mzima. Mafua yameniachia, ila usingizi bado haujarudi kwa sababu ya tasnifu.

Mwezi wa tano, Mungu akipenda, nitasimama mbele ya wakubwa wa chuo niitetee tasnifu yangu ya udongo. Hapa kuna desturi: ukishapita, unampa aliyekusimamia zawadi ya shukrani. Si lazima, lakini hakuna anayeacha. Wenzangu wameshaanza kuhangaika madukani. Mmoja amenunua kikombe kilichoandikwa "Mwalimu Bora", mwingine anatafuta saa ya ukutani, na yupo anayetaka kutengenezea picha fremu. Baba, kabati la Profesa anayenisimamia limejaa vikombe vya namna hiyo, na chai yenyewe hanywi. Sitaki kumwongezea kitu cha kupangusa vumbi.

Unamjua kwa maneno yangu. Ndiye tunayemwita Mama Koma, kwa sababu kurasa zetu hurudi zimejaa koma nyekundu tulizozisahau. Ni mkali. Lakini friji ya maabara ilipozima na sampuli zangu zote zikaharibika, wengine walinishauri nibadili mada, yeye akaniambia, "Chukua jembe, twende tukachimbe upya." Tulizunguka mashamba pamoja wiki nzima. Hapo ndipo nilipoona kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi. Darasani si rahisi kugundua, maana yeye huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, ana bidii ya ajabu. Lakini shambani niliona anavyojivuta, na akifika mwisho wa tuta anajishika nyonga akijifanya anatazama mawingu. Hajawahi kusema lolote. Kuna wenzangu wanajua pia, ila hatuongei.

Nataka umshonee viatu. Wewe ndiye unayejua kushona viatu vya miguu isiyolingana, na sijaona duka hapa linalojua. Hiyo ndiyo asante ninayoitaka. Msalimie Mama, na ukubali kuloweka mikono bila kugombana na mtu.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Kwa Kisigino,

Marahaba. Jina hilo sitaliacha hata ukiwa daktari wa udongo wa dunia nzima. Aliyelelewa chini ya benchi langu akitambua majirani kwa visigino vyao hawezi leo kunidai heshima mpya.

Mikono imeamka, asante. Huamka kabla yangu, ikatetemeka mpaka nipate chai. Mama yako anataka niache kazi. Nilimwambia nikiacha nitakaa naye nyumbani kutwa nzima, akanyamaza. Gundi, huyu jirani yangu wa kibanda cha pili, bado anabandika viatu vya watu na kuviita vipya. Mvua moja tu, soli inaagana na kiatu. Na bado ana wateja kunishinda. Mimi naendelea kumwambia kila anayekuja kwamba foleni ni ndefu, maana fundi asiye na foleni watu humtilia shaka. Juzi nikamwambia mzee mmoja hivyo, akatazama benchi tupu, akaniuliza foleni ya nani.

Sasa hilo la Profesa wako. Umewaza vizuri na nimefurahi, sitaficha. Lakini nisikilize. Mtu mwenye mguu wa namna hiyo akija kwangu, humpitisha ndani, nikashusha pazia, nikangoja aseme mwenyewe. Sisemi mimi. Kuna mama mmoja alikuja mara nyingi akinunua dawa ya viatu tu, akaondoka. Siku aliyovua viatu ndiyo siku aliyotaka kuvua. Kwa hiyo mwulize kwanza, mkiwa wawili tu. Akikubali, asimame peku juu ya karatasi, miguu yote miwili, na uzito wake wote, nawe umchore kwa penseli iliyosimama wima. Akikataa, mnunulie kikombe.

Na umweleze utaratibu wangu, usije ukasema sikukwambia. Jozi ya namna hii huwa haijaisha siku inapotoka kwangu. Mwenyewe atembee nayo mwezi mzima, kisha irudi nione imeliwa wapi na inabana wapi, niirekebishe. Ikitoka mara ya pili ndipo nasema imeisha.

Nadhani itakuwa jozi yangu ya mwisho ya namna hii. Usimwambie Mama yako kwamba nimesema hivyo, atashangilia.

Baba


Tarehe 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika mbiombio kabla posta haijafunga. Mikono je? Nasikia vifungo vya shati sasa unafungiwa na Mama. Mimi sijambo, nimekonda kidogo, lakini kila anayeandika tasnifu hukonda.

Profesa amekubali. Nilimweleza yote, na utaratibu wa kurudisha pia, akasema ni sawa. Alisimama kama ulivyotaka. Michoro imo humu ndani, ule wa kushoto nimeuwekea alama. Mguu umepungua kama unene wa kidole gumba changu, nawe unakijua kidole changu. Anapenda kahawia iliyoiva, na visigino vifupi.

Naomba usimtumie salamu kwa mtu yeyote wala kumtafuta kwa simu. Nataka siku yenyewe imjie kama jambo jipya.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Kisigino,

Marahaba. Tuko wazima. Mama yako anakohoa, lakini kati ya kikohozi na kikohozi anapata nafasi ya kunisema, kwa hiyo si cha kutisha.

Viatu vimetoka. Nimempa dereva wa basi, yule mtoto wa dada yangu, na nimemtishia asiviweke chini ya ndizi za watu. Nimevishona kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Asubuhi mkono wa kulia unakataa, mchana unakubali, jioni unakataa tena, kwa hiyo nikawa nashona mchana tu. Siku moja msharasi wa kutobolea ngozi ulinitoroka ukaingia kiganjani. Gundi akaja mbio, akanifunga kitambaa. Nilimshukuru kweli, mpaka nilipotaka kukivua nikakuta kina gundi.

Mchoro wako umenisumbua. Mguu wenye mtu juu yake hutanuka, na mstari huchezacheza kwa sababu mtu anapumua. Huu wako umetulia mno. Lakini umesema alisimama, basi alisimama, sitakuhoji. Nimeacha nafasi kidogo kwenye kidole cha mwisho cha kushoto, kwa wasiwasi tu.

Unene wa ziada nimeuficha ndani kadiri nilivyoweza, na uliobaki nimeupanga kwa tabaka nyembamba uonekane kama mtindo. Akiwa amevivaa, mtu hatajua. Labda avishike vyote viwili mkononi avilinganishe, na nani atashika viatu vya profesa mkononi?

Mwambie avivae ndani ya nyumba siku za kwanza. Nawe ukasimame mbele ya hao wakubwa bila kutetemeka. Kutetemeka niachie mimi.

Baba


Tarehe 3 Juni

Baba,

Shikamoo, na poleni na kikohozi cha Mama. Mikono imeamkaje?

Nimepita. Wamenipa sura moja ya kusahihisha, ni kawaida. Viatu vilifika salama, na Profesa alivifungua akasema asante. Ni vizuri sana Baba, kila mtu alivitazama.

Nina shughuli nyingi kidogo. Nitaandika nikitulia.

Mwanao


Tarehe 18 Julai

Daktari Kisigino,

Umeona, nimekuita. Usizoee.

Mikono haijambo. Kikohozi cha Mama yako kimekwisha, sasa anaimba, na sijui kipi kilikuwa afadhali. Tulipopata habari zako alilia, kisha akaenda kuwaambia majirani, kisha akarudi kulia tena kwa sababu wengine hawakuwepo nyumbani.

Hukunieleza habari za viatu. Nimesoma mstari wako mara kadhaa, alivifungua akasema asante, basi. Anatembeaje? Ameacha kushika nyonga? Kile kidole cha mwisho vipi? Mwezi umeshapita, anaweza kuvirudisha kwa dereva yuleyule. Mama yako anataka nifunge kibanda mwezi huu. Nimemwambia kuna kazi moja ninaingoja irudi.

Baba


Tarehe 9 Septemba

Kisigino,

Tupo. Hatujapata barua yako, tukasema labda posta. Mama yako alipiga simu, ukamwambia uko kazini. Sawa.

Mwandiko huu usikutishe, ni wangu. Kalamu inateleza. Wateja wengine nimewaelekeza kwa Gundi, ila msharasi na nyundo naendelea kuvipaka mafuta visipate kutu. Ngozi ile ya kahawia nimeweka kipande kwa ajili ya marekebisho, nimekifunika kisikauke.

Kama Profesa anaona haya kuvirudisha vikiwa vimechakaa, mwambie ndivyo ninavyovitaka.

Baba


Tarehe 2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mikono imeamkaje? Sina uso wa kuuliza, lakini nauliza.

Barua zako zote mbili nilizipata. Kila nikikaa kukujibu nakuta hakuna neno la kuandika ambalo si uongo mwingine, kwa hiyo leo naandika ukweli, halafu uniseme utakavyo.

Profesa hakusimama juu ya karatasi. Sikumwuliza. Niliogopa atasema hapana, na nilishajiona siku ile nikimpa zawadi ambayo hakuna mwingine angeiwaza. Ana kandambili anazovaa ofisini, huziacha chini ya meza. Alipoitwa kwenye kikao, nilibaki kumpangia faili, nikaziweka juu ya karatasi nikazichora. Ya kushoto ina soli nene kuliko ya kulia, na tofauti hiyo niliipima kwa kidole gumba.

Siku ya utetezi, baada ya kutangazwa kwamba nimepita, tulikusanyika kwenye chumba cha mikutano kunywa soda. Wanafunzi wake wote tulikuwepo, na walimu wa idara. Zawadi zilifunguliwa palepale. Kikombe, watu wakapiga makofi. Saa, makofi. Sanduku langu likaja. Profesa alipoondoa karatasi aliona kahawia ile akatabasamu kweli, Baba, nilimwona. Akagusa mshono kwa kidole. Halafu mwenzangu mmoja, yule wa kikombe, kwa furaha tu, akavitoa vyote viwili akaviinua juu watu waone. Akavilinganisha. Akasema, "Mbona hiki kimoja kirefu?"

Chumba kizima kilitazama sakafu kwa wakati mmoja, na nadhani hicho ndicho kilichomuumiza, kwamba tulijua wote pa kutazama. Profesa akavichukua, akavirudisha kwenye sanduku, akafunika. Akaniambia, "Asante. Baba yako ana mkono mzuri." Kisha akatoka mbele yetu. Haikuwahi kutokea atoke kabla yetu. Tukamwona anavyotembea mpaka mwisho wa korido, na korido ile ni ndefu.

Tangu siku hiyo hajazungumza nami. Sura niliyosahihisha yeye ndiye wa kuitia sahihi, na bila sahihi hiyo sina cheti. Naipeleka kwa katibu muhtasi wake, inapokelewa, hairudi. Sidhani ananikomoa. Nadhani hataki kuniona, na simlaumu. Viatu aliondoka navyo, sijui viko wapi.

Nimekudanganya wewe, na nimemuumiza yeye, na yote nilisema ni shukrani.

Mwanao


Tarehe 11 Oktoba

Kisigino,

Leo sina salamu ndefu. Tupo hai.

Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikaenda kukaa kwa Gundi. Ukisikia nimekwenda kukaa kwa Gundi, ujue mambo ni mazito. Akaniuliza nini, nikamwambia hakuna, akanisogezea kigoda.

Nimekasirika. Kunidanganya mimi ni jambo la kwetu, tutalimaliza wenyewe, na mchoro ulishaniambia nikajifanya sisikii, kwa sababu nilitaka ile jozi. Lakini yule mama hana kosa. Umemvua mbele za watu, na kilichomvua ni kazi yangu. Maisha yangu yote nimeshusha pazia kwanza, ndipo nikainama. Halafu jozi yangu ya mwisho inainuliwa juu ukumbini kama samaki sokoni.

Nenda kwake. Usiende na zawadi, wala kadi, wala maua. Usiniingize mimi, mzee, mgonjwa, mikono inatetemeka, ili akuhurumie. Nakujua. Usitaje sahihi. Usiulize viatu. Mwambie ulichofanya, hata kandambili mwambie, umwombe radhi, kisha unyamaze mpaka akupe ruhusa ya kutoka. Akikufukuza, umefukuzwa, urudi chumbani kwako ulale.

Habari ya viatu kurudi nimeacha kuisubiri. Kipande cha ngozi nimempa Gundi.

Baba


Tarehe 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mikono imeamkaje? Mama anasema unaangusha vikombe na kuvisingizia kwamba vina mafuta.

Nilikwenda. Ilinichukua siku kadhaa za kupita mlangoni na kurudi. Nilipoingia alikuwa amekaa, hakuniambia nikae, na sikukaa. Nilisema yote. Nilipofika kwenye kandambili alizitazama chini ya meza kama vile nazo zilikuwa na habari. Kisha nikanyamaza kama ulivyosema. Baba, kunyamaza ni kazi ngumu.

Akaniuliza, "Mlikuwa mnaona?"

Nikasema ndiyo.

"Wote?"

Nikasema wote.

Akavua miwani. Akasema, "Nilikuwa nafika wa kwanza ili msinione nikiingia. Nabaki wa mwisho ili msinione nikitoka. Tangu nilipoanza kufundisha. Nilidhani nimeweza." Akacheka kidogo, cheko baya. "Viatu ni vizuri. Sikukasirikia viatu. Ni kwamba nilitoka kwenye kile chumba nikiwa najua mnajua, na kabla ya hapo sikuwa najua."

Nilitaka kumwambia kwamba hatukuwahi kumcheka, kwamba tulimpenda. Nikakumbuka maneno yako nikafunga mdomo. Mwishowe akaniambia niende, nikaenda.

Wiki iliyofuata katibu alinirudishia sura yangu. Ina sahihi. Ina koma nyekundu pia, nyingi tu. Nilizishika zile kurasa nikalia kwenye ngazi. Lakini tukikutana kwenye korido anaitikia salamu na kupita, na sasa haji mapema wala habaki nyuma. Anaingia darasa likiwa limeshajaa, anachechemea mbele yetu bila kujificha, na hakuna anayejua aweke wapi macho. Sijui kama huko ni kupona au ni kukata tamaa.

Mahafali ni mwezi wa pili. Mje, hata kama ni kwa basi la binamu.

Mwanao


Tarehe 15 Januari

Kisigino,

Ukiona mwandiko kama kuku amepita, ni mkono wa kushoto. Mama yako alitaka kuniandikia, nikamkatalia, angeongeza ya kwake.

Wa kulia umelala. Niliamka nao umelala, na mguu wa upande huohuo umeufuata. Daktari anakiita kiharusi chepesi. Sijui kizito kinakuwaje. Usipande basi. Nimekwambia usipande, una mahafali, na hapa utakuja kunitazama tu, watazamaji ninao wa kutosha.

Kibanda tumekiachia. Gundi amechukua benchi, akalipangusa vizuri mbele yangu nione. Nimebaki na nyundo moja, msharasi, na kalibu mbili za mbao zenye umbo la mguu, zile nilizovutia ngozi ya viatu vya Profesa wako. Ziko chini ya kitanda.

Nikwambie jambo. Sasa nachechemea. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, unakijua. Jana nilisimama mlangoni muda mrefu, nikasubiri wapangaji waingie ndani wote, ndipo nikavuka. Mimi, niliyekuwa nawaambia watu mguu ni mguu tu. Nilipofika katikati nikaona mtoto wa jirani ananitazama dirishani, akarudisha pazia haraka. Alikuwa ananiheshimu. Iliniuma kuliko angecheka. Nimemwelewa sana yule mama.

Mahafali hatutaweza. Vaa joho lako, upige picha, usisinzie.

Baba


Tarehe 22 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mkono umeamkaje? Mama anasema unaulaza kwenye mto na kuuzungumzia kama mgeni mvivu. Nimetii, sikupanda basi, ila nakuja mwisho wa mwezi ujao, na hilo si ombi.

Mahafali yamepita. Picha imo humu, ndiyo hiyo niliyofumba macho.

Kuna jambo, na sijui nilisemeje. Siku mbili baada ya mahafali Profesa alikuja maabara mwenyewe. Nilikuwa peke yangu nikiosha chupa. Akafunga mlango. Akaenda dirishani akavuta pazia, Baba, bila mimi kumsimulia chochote kuhusu pazia lako. Alikuwa na sanduku kwapani. Akaniambia, "Leta karatasi kubwa."

Viatu amevivaa. Miezi yote hii amekuwa akivivaa nyumbani kwake, peke yake, milango imefungwa. Soli zimeliwa, ya kushoto upande wa nje zaidi. Anasema mgongo umepumzika, anaweza kusimama jikoni mpaka chakula kiive. Lakini kidole cha mwisho cha kushoto kinabanwa mpaka kinawaka moto. Aliniambia, "Nilichorwa kandambili, si mguu." Halafu akavua soksi akasimama peku juu ya karatasi, miguu yote miwili, akanishika bega.

Nilimchora kwa penseli iliyosimama wima. Mstari ulichezacheza, maana alikuwa anapumua, na mimi nilikuwa nalia. Michoro hiyo hapo. Safari hii alisimama.

Akasema, "Mwambie baba yako avirekebishe kwa kipimo hiki. Nataka nivitoe nje." Akaniuliza itachukua muda gani.

Sikuweza kumwambia habari ya mkono wako. Nikasema nitakuuliza. Sanduku nimempa binamu. Unisamehe. Niambie nimjibu nini, nami nitamjibu hivyohivyo.

Mwanao


Tarehe 14 Machi

Kisigino,

Marahaba. Picha tumeitundika, na macho umefumba kweli.

Viatu vimefika. Nimetia mkono wa kushoto ndani ya kile cha kushoto, nikaona kidole chake kilipokuwa kinapiga ukuta. Ile nafasi niliyoacha haikutosha. Kazi yenyewe ni ndogo: kulainisha ngozi, kuivuta kwenye kalibu, kufumua mshono mfupi na kuurudia. Zamani ningemwambia mwenyewe angoje palepale kigodani. Nimekaa navyo mapajani mpaka Mama yako akataka kuviondoa nile, nikamkatalia.

Gundi alikuja. Akaniambia, "Mzee, nionyeshe pa kushika, nitashona kwa uzi, gundi sitii." Hakuwa na utani. Tukajaribu. Nikamwelekeza tundu la kwanza, nikauona msharasi unatikisika mkononi mwake kuliko ulivyowahi kutikisika mwangu. Alikuwa anaviogopa. Nikamwambia aache, akaniachia, akakaa kidogo, akaenda zake bila kuaga.

Sasa viko kwenye rafu mbele ya kitanda, na michoro nimeibandika ukutani juu yake. Kila asubuhi Mama yako ananiwekea nyundo kwenye kiganja cha kulia, anavifunga vidole kimoja kimoja, halafu anaachia. Inaanguka. Juzi nilidhani kidole gumba kimeshika, labda niliota.

Usimwambie habari ya mkono. Mwambie kazi yake imepokelewa, kipimo ni kizuri, na fundi amefurahi kwamba vimerudi. Akiuliza lini, mwambie foleni ni ndefu.

Baba